Mlango Mmoja Katika Ghorofa: Historia ya Kununua Fleti Iliyokwisha Kukaliwa

Neno mlango lina maana mbili katika Kiswahili cha pwani. Ni uwazi wa kuingilia nyumbani, na pia ni tawi la ukoo. Watu wa mlango mmoja ni watu wa babu mmoja. Katika Kinyarwanda, lugha tunayoisikia kila tutokapo madarasani mwetu, neno umuryango lina maana hizo hizo mbili, na neno inzu hutaja nyumba na vile vile kizazi kilichotoka katika nyumba hiyo. Wazee wa pande zote mbili walipofikiri juu ya nyumba hawakufikiri juu ya kuta. Walifikiri juu ya watu wanaoingilia mahali pamoja. Twaanza na jambo hili la lugha kwa sababu siku hizi, hapa Kigali, unauzwa mlango wa namna nyingine: mlango ulioko ghorofa ya tatu, mkono wa kulia ukipanda ngazi, usiogusa ardhi mahali popote, na ambao nyuma yake wamekwisha kukaa watu wasio wa ukoo wa mnunuzi. Walimu wenzetu kadhaa wanaulizana kama mlango huo ni mali kweli. Swali hilo ni la sheria, lakini kabla ya kuwa la sheria ni la historia, na makala haya yanakusudia kulitazama kwa upande huo.

Warumi wa kale walikuwa na kanuni kwamba kila kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Kanuni hiyo ilirithiwa na sheria za nchi nyingi za Ulaya, na kwa njia ya ukoloni ikatufikia. Pwani ya Afrika Mashariki, hata hivyo, ilikuwa na mazoea yake. Mombasa, katika mtaa wa Majengo na mingineyo, mtu ameweza tangu zamani kumiliki nyumba iliyosimama juu ya kiwanja cha mwingine. Hulipa kodi ya ardhi, na nyumba yenyewe huiuza au huirithisha apendavyo, ilhali udongo ulio chini yake si wake. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliandikisha sehemu kubwa ya ardhi ya pwani ya Kenya kwa majina ya watu wachache, na wengi wakabaki na nyumba bila ardhi. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba kuitenga nyumba na ardhi ni uzushi wa watu wa mabenki. Ni jambo la kale, na udhaifu wake nao ni wa kale: kiwanja kikipata mnunuzi mwenye nguvu, mwenye nyumba hana ila miti, mawe na mabati yake.

Kuna mfano wa pili, ulio karibu zaidi na jambo letu, nao ni nyumba ya urithi. Mzee akifa akaacha nyumba moja na watoto sita, kila mmoja ana fungu lake lililopimwa barabara, lakini hakuna awezaye kunyosha kidole akasema, dirisha hili ni langu. Wote ni wenyewe. Katika miji yetu ya Waswahili, toka Lamu hadi Biryogo, nyumba za namna hii zinajulikana kwa kuzitazama tu: plasta imebanduka, paa linavuja, na kila mrithi anangoja mwenzake aanze. Si kwamba wana tabia mbaya. Mtu akitoa fedha zake kutengeneza paa, amewatengenezea watano bure. Asipotoa, hasara yake ni sehemu moja tu ya sita. Hesabu hiyo ndogo ndiyo iliyoangusha nyumba nyingi kuliko mvua. Tunaomba msomaji aikumbuke, kwa maana tutakutana nayo tena katika majengo ya saruji na lifti.

Tuje sasa Kigali. Mji huu ulianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, daktari na msafiri aliyekuwa mwakilishi wa serikali ya Kijerumani, juu ya kilima cha Nyarugenge. Pamoja na utawala walikuja askari, wapagazi na wafanyabiashara waliotoka pwani na bara ya Tanganyika, wengi wao wakiwa Waislamu, na lugha yao ilikuwa Kiswahili. Msikiti wa Al-Fatah, Nyamirambo, ulijengwa mwaka 1913. Wakati wa Wabelgiji watu hawa walitengewa mahali pao, palipoitwa Kambi ya Waswahili, na kutoka hapo kwenda kwingine kulihitaji ruhusa. Hapo Biryogo ndipo mkazi wa kawaida wa Kigali alipozoea kuishi na asiye ndugu yake ndani ya ua mmoja, kile kinachoitwa igipangu: vyumba kadhaa, milango kadhaa, bomba moja, choo kimoja. Hata hivyo mwenye nyumba alikuwa mmoja, na wengine wote walikuwa wapangaji. Milango ilikuwa mingi. Umiliki ulikuwa mmoja.

Nje ya mji mambo yalikuwa tofauti kabisa. Mnyarwanda wa kilimani alikaa katika rugo yake, mbali na jirani, na mpaka wake aliuonyesha kwa mstari wa imiyenzi. Haki juu ya ardhi ilitoka kwa ukoo, kama ubukonde wa kaskazini, au ilitoka kwa mfalme na watawala wake, kama igikingi cha malisho. Ama kuuza ardhi kwa mtu baki, kulianza kutiwa katika sheria baadaye: amri ya tarehe 04/03/1976 ilikataza kuuza haki za kimila juu ya ardhi bila idhini ya waziri, na ikamtaka muuzaji abakiwe na hekta zisizopungua 2. Maana yake ni kwamba hadi juzi hivi, katika maisha ya watu tunaowajua, kununua mahali pa kukaa hakukuwa jambo la soko. Mji wenyewe ulikuwa mdogo; ulipofanywa makao makuu ya nchi wakati wa uhuru mwaka 1962 ulikuwa na watu wapatao 6,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,745,555 katika Jiji la Kigali. Watu hao hawawezi wote kupandiwa imiyenzi.

Hapana budi tuseme pia juu ya miaka ambayo nyumba za Kigali zilipoteza wenyewe. Mkataba wa Arusha wa mwaka 1993, katika sehemu yake ihusuyo wakimbizi, ulipendekeza kwamba waliokwisha kuondoka nchini kwa zaidi ya miaka 10 wasidai tena mali zao zilizokwisha kushikwa na wengine. Mwaka uliofuata yakatokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Baada yake kulikuwa na nyumba ambazo wenyewe walikuwa wameuawa, nyumba ambazo wenyewe walikuwa wamekimbia, na watu wengi waliorudi kutoka Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania wakihitaji pa kulala usiku huo huo. Nyumba zilikaliwa, mwaka 1996 na baadaye, wenyewe wengine wakarudi na kugonga milango. Kwa sababu hiyo, swali la “aliyekaa humu kabla yangu ni nani?”, ambalo mnunuzi wa nyumba kuukuu katika nchi nyingine huliuliza kwa udadisi tu, hapa kwetu lilikuwa na uzito mwingine kabisa. Asiyeijua historia hii hawezi kufahamu kwa nini serikali ilifanya haraka kuandikisha ardhi.

Sheria ya ardhi ilitungwa mwaka 2005. Kazi ya kuandikisha nchi nzima ilifanywa kati ya mwaka 2009 na 2013, kwa kupiga picha kutoka angani, kisha kutembea mpakani pamoja na majirani, na viwanja vilivyopimwa vilizidi milioni 10. Kila kiwanja kilipewa namba yake, ambayo husomeka kama anwani: mkoa, wilaya, tarafa, kata na kiwanja chenyewe. Kwa kuwa sheria ya urithi na mali za ndoa ya mwaka 1999 ilikuwa imempa mke haki yake, majina ya mume na mke waliooana kisheria yaliandikwa yote mawili. Hapa twaona kuwa Rwanda ilifanya katika miaka michache kazi ambayo nchi kubwa zimeihangaikia kwa karne. Lakini, na hili ni la kuangaliwa, kazi yote ilikuwa ya kupima udongo. Ramani ile inaonyesha Rwanda kutoka juu, kama aonavyo ndege; na ndege akitazama jengo la ghorofa nne huona paa moja tu.

Upungufu huo ulijazwa na Sheria Na. 15/2010 ya tarehe 07/05/2010, iliyoanzisha na kuratibu majengo yenye umiliki wa pamoja na namna ya kuyaandikisha. Kwa sheria hiyo jengo hugawanywa. Sehemu ya mtu binafsi, yaani fleti, hupata hati yake. Sehemu za wote, yaani ardhi, paa, ngazi, kuta zinazobeba jengo, mabomba makuu na uwanja, hubaki mali ya wamiliki wote kwa mafungu, na fungu la mtu katika mali hiyo haliwezi kutengwa na fleti yake. Aidha, wamiliki wanatakiwa kuwa na chama chao cha kusimamia yaliyo ya pamoja. Mnunuzi wa Kigali, basi, hapati nyumba bila ardhi kama ile ya Mombasa. Anapata nyumba pamoja na chembe ya ardhi isiyoonekana, na juu ya hayo anapata nyumba ya urithi: paa la watu sita, au la watu sitini. Sheria imewaunganisha wasiokuwa na babu mmoja ikawapa mali moja. Hii ndiyo maana mpya ya watu wa mlango mmoja.

Jirani zetu walipita njia hiyo hiyo kwa nyakati mbalimbali. Kenya ilitunga sheria ya namna hii mwaka 1987 na kuibadili kwa nyingine mwaka 2020. Uganda mwaka 2001. Tanzania Bara mwaka 2008. Zanzibar mwaka 2010, sawa na sisi. Tungependa kutua kidogo Zanzibar, kwa kuwa huko majengo yalitangulia sheria kwa miaka arobaini. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12/01/1964, serikali ya Sheikh Abeid Amani Karume, kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, ilijenga majumba marefu ya fleti Ng'ambo, na mashuhuri kuliko yote ni yale ya Michenzani, yanayokutana kama msalaba penye njia panda. Vibanda vya udongo vilibomolewa na watu wakahamishiwa ghorofani. Ilikuwa heshima kubwa: mtu aliyekuwa akichota maji kisimani alipewa jiko, choo na umeme. Kisha miaka ikapita. Maji yalikataa kupanda juu, rangi ikafifia, na swali la nani mwenye wajibu wa ngazi na paa likawasumbua watu kwa miongo mingi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; hawakusema ufa ulio kati ya ghorofa ya pili na ya tatu ni wa nani.

Dar es Salaam ilikwenda njia nyingine. Sheria ya Aprili 1971 ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake baadaye ziliunganishwa na zile za Shirika la Nyumba la Taifa. Fleti nyingi kuukuu za katikati ya jiji hilo zikawa za mwenye nyumba mmoja, yaani umma, na wakazi wake wakawa wapangaji. Ufa ulikuwa na mwenyewe. Tatizo lilikuwa kumpata. Hatutaki kuamua hapa ni njia ipi iliyokuwa bora. Twasema tu kwamba katika njia zote mbili jengo lilizeeka kwa kasi ile ile.

Ili kuona mwisho wa safari ambayo Kigali imeianza, yafaa tuitazame nchi iliyokwisha kuifikia. Japani ilitunga sheria ya umiliki wa sehemu za jengo mwaka 1962. Miji yao ilikuwa ikifurika watu waliotoka mashambani, kama yetu sasa, na kampuni za ujenzi zikainua majengo ya saruji ambayo wauzaji waliyaita manshon, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya jumba la tajiri. Jina lilikuwa la kusifia bidhaa. Vyumba vilikuwa vidogo. Lakini neno lilishika, na leo Mjapani akisema manshon hafikirii utajiri, anafikiria fleti ya saruji. Zimezidi milioni 7 nchini humo, na kati yake zaidi ya milioni 1 zina umri uliopita miaka 40. Hivyo kununua fleti kuukuu, ambako kwetu ni habari mpya, kwao ni jambo la kila siku, na wanunuzi wamekwisha kujifunza la kuuliza.

Huuliza kwanza tarehe. Tarehe 01/06/1981 Japani ilianza kutumia kanuni mpya za kujenga majengo yanayostahimili tetemeko la ardhi, na tangu hapo kila jengo huhesabiwa kuwa la kabla au la baada ya siku hiyo. Tetemeko la Kobe la tarehe 17/01/1995 liliwafundisha kwamba tofauti hiyo si ya karatasi tu. (Msomaji asiseme kwamba haya ni ya Wajapani peke yao, tarehe 03/02/2008 ardhi ilitetemeka Rusizi na Nyamasheke, watu wakafa na majengo yakaanguka.) Kisha huuliza habari za mfuko. Kila mwezi mwenye fleti hutoa fedha za aina mbili: za uendeshaji, kama taa za ngazini, usafi na lifti, na za akiba ya matengenezo makubwa, ambayo aghalabu hufanywa kila baada ya miaka 12 hadi 15: jengo huzungushiwa kiunzi, kuta huzibwa nyufa, paa hutiwa upya dawa ya kuzuia maji. Akiba hiyo ni ya jengo. Auzaye fleti harudishiwi alichochangia, na anunuaye huikuta humo humo. Kinyume chake pia ni kweli: muuzaji akiacha malimbikizo ya michango, chama chaweza kumdai mnunuzi. Deni hufuata mlango.

Hapo Wajapani wameijibu ile hesabu ya nyumba ya urithi. Tangu marekebisho ya sheria yao ya mwaka 1983, kila mwenye fleti ni mwanachama wa chama cha wamiliki atake asitake. Hakuna kusema mimi simo. Hata hivyo hawakulimaliza jambo. Kulibomoa jengo na kulijenga upya kulihitaji kura za wamiliki wanne katika kila watano, pamoja na fungu kama hilo la haki zao, na hizo hazipatikani kwa wepesi mahali ambapo mmoja ni kizee wa miaka 85 asiyetaka kuhama, wa pili amefariki na warithi wake hawajulikani waliko, wa tatu amenunua ili apangishe tu. Majengo na wakazi wanazeeka pamoja. Mwaka 2025 Bunge lao lililegeza masharti hayo, na tunaona kuwa ni dalili kwamba waliotunga sheria ya 1962 hawakufikiri kwamba saruji nayo huzeeka.

Turudi nyumbani. Fleti kuukuu ya Kigali si ya miaka 40. Majengo mengi ya fleti za kuuzwa yamejengwa baada ya sheria ya 2010, na mashuhuri kati ya hayo ni mradi wa Vision City huko Gacuriro, ulioendeshwa kwa fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii. Ujenzi wake ulianza mwaka 2013, na awamu ya kwanza ilikuwa na nyumba 504 za aina mbalimbali, zikiwamo fleti. Zilipoanza kuuzwa bei ziliwashinda wengi na ikabidi zipunguzwe. Mwalimu wa shule ya sekondari hakuwamo katika hesabu ile. Lakini sasa waliotangulia wameanza kuuza: mmoja amehamishiwa kazi ng'ambo, mwingine amejenga vila Rebero, mwingine mkopo umemlemea. Ndipo fleti iliyokwisha kukaliwa inapoonekana kumkaribia mtu wa mshahara wa kati, na ndipo maswali yanapoanza.

Utaratibu wa karatasi ni rahisi, na hatutakaa juu yake. Namba ya kiwanja na ya sehemu hutazamwa katika daftari la ardhi ili kujua kama kuna rehani au kizuizi. Mume na mke wanaouza mali yao ya pamoja hutia sahihi wote wawili mbele ya noteri wa ardhi. Hati hubadilishwa jina, na siku hizi hutolewa kwa njia ya kielektroniki. Mnunuzi asome pia kama haki anayonunua ni ya umiliki kamili au ni ya mkataba wa muda, ambao kisheria hauzidi miaka 99, na miaka iliyobaki ni mingapi. Haya yote afisa atamwonyesha.

Kuna yasiyomo katika hati. Hati haisemi kama chama cha wamiliki kinakutana. Haitaji kiasi kilichomo katika mfuko wa matengenezo, au kama mfuko wenyewe upo. Haimwambii mtu kwamba pampu ya maji ilikufa mwaka jana, na kwamba wakazi wa chini walikataa kuchangia kwa hoja kwamba wao maji huwafikia yenyewe. Hayo yako katika kumbukumbu za mikutano, na tunadiriki kusema kwamba katika kununua fleti kuukuu daftari la mikutano lina manufaa kuliko kuta zilizopakwa rangi mpya wiki iliyopita. Daftari lisipokuwapo, nalo hilo ni jibu. Mwalimu wa lugha anajua kusoma maandishi ya namna hii: nani alisema nini, nani hakuhudhuria mara tatu mfululizo, neno “tutaangalia” limerudiwa mara ngapi.

Wengine hujibu kwamba sisi tunayo umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na kwamba watu waliozoea kufyeka mtaro pamoja hawatashindwa na ngazi. Neno hilo, kwa asili yake, ni mti wa kujengea nyumba, na ni kweli kwamba hakuna nyumba ya kale iliyosimama kwa mkono wa mtu mmoja. Lakini umuganda huomba nguvu za mikono. Lifti haitengenezwi kwa jembe. Inataka fedha zilizowekwa miaka kumi kabla, na watu walioziweka wawe wameaminiana kwa miaka yote hiyo. Ni ushirika wa namna nyingine, wa polepole zaidi, na hauna wimbo.

Jambo hili lingekuwa la wenye mishahara tu kama si mabadiliko yaliyotokea katika mitaa ya watu wa chini. Kando ya mto Mpazi, katika tarafa ya Gitega, wenye viwanja vidogo katika makazi ya msongamano wamepewa fleti katika majengo yaliyojengwa pale pale mtaani mwao, thamani ya kiwanja ikigeuzwa kuwa fleti. Waliokuwa wakikaa Kangondo na Kibiraro, mahali palipoitwa kwa kawaida Bannyahe, walijengewa majumba ya fleti Busanza, wilaya ya Kicukiro. Wengine walikubali, wengine walidai walipwe fedha taslimu kama sheria ya utwaaji ardhi inavyoeleza, wakaenda mahakamani, na wa mwisho waliondolewa mwaka 2022. Msomaji atakuwa na maoni yake juu ya shauri hilo. Tunalolitazama hapa ni kwamba watu hawa, waliokuwa na nyumba ya udongo ambayo ufa wake waliuziba wenyewe Jumapili jioni kwa udongo wa bure, sasa ni wenye fleti. Wengi wao maisha yao ni ya kutafuta leo na kula leo, na mchango wa kila mwezi kwa ajili ya paa la mwaka 2035 ni fedha ya unga. Wengine walikuwa na vyumba vya kupangisha katika igipangu chao. Kodi ile ndiyo iliyolipa ada za watoto, na fleti moja haina chumba cha ziada.

Fleti hizo nazo zitauzwa siku moja, nazo zitakuwa fleti kuukuu ambazo mwalimu kijana ataonyeshwa na dalali. Atakapouliza habari za mfuko, atakuwa anauliza, kwa maneno mengine, kama mama aliyeuza mboga ghorofa ya kwanza aliweza kutoa mchango wake kwa miaka yote hiyo, na kama aliposhindwa majirani zake walimfanyia nini.

Fleti za kwanza za Gacuriro zilianza kuingia sokoni mwaka 2017. Tukihesabu kwa hesabu ya Wajapani, kiunzi cha matengenezo makubwa ya kwanza kinapaswa kuzizunguka kati ya mwaka 2029 na 2032. Mkutano wa kuamua jambo hilo utafanywa kwa Kinyarwanda, na pengine kwa Kiingereza na Kifaransa. Na kwa kuwa wengine kati ya wamiliki walikulia Tanzania, Kenya na mashariki ya Kongo, haitakuwa ajabu mabishano makali zaidi, yale ya nani amelipa na nani hajalipa, yakifanywa kwa Kiswahili.